Nimeiona kwenye tisheti ya mtumba: muvi ya makauboi weusi ya 1922, inapatikana wapi?

mwana_majengo (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana hapa nimeshachoka. Mimi nina banda la muvi huku Majengo, nawajazia watu flashi na simu, sizoni, muvi za kutafsiriwa, kila kitu, na kwa kawaida mteja akija na jina hata kalikosea nusu nzima mimi namtafutia anaondoka nayo. Sasa juzi kati nilikuwa soko la mitumba la Memorial nikaokota tisheti kwenye zile za kumwaga chini, nyeusi, mbele ina bango la sinema ya kizamani. Kuna mtu kavaa nguo ya mifupa na fuvu, ukisogelea unasoma The Crimson Skull, chini majina, Anita Bush, Lawrence Chenault, Bill Pickett, na kule ukingoni ilikopauka unasoma kwa shida Norman Film na Jacksonville. Nikaipenda nikaanza kuivaa kazini.

Ndo akaja mzee mmoja mteja wangu wa siku zote, huyu mzee ni wa kauboi tu, Mkorea hataki, Mhindi hataki, ukimwekea farasi na bunduki kamaliza. Akaikodolea ile tisheti akaniuliza kijana hiyo picha ni ipi, mbona mimi siijui, na mbona makauboi wote ni weusi? Nikamwambia mzee wangu nipe muda nakuletea. Nikajua ni kazi ya usiku mmoja tu. Aisee. YouTube nimepekua, Telegram nimepekua, torenti, mpaka yale masaiti ya Warusi ambayo huwa hayakosi kitu, nakutana na bango tu, bango, bango, picha za mnato mbili tatu, basi. Wanaandika ni ya 1922 na haina sauti.

Sasa nauliza, inawezekanaje muvi bango lipo, majina ya waigizaji yapo, inajulikana kabisa ilitoka na watu wakaiangalia, halafu yenyewe haipo? Kuna tajiri kaikalia anasubiri bei au? Mwenye nayo hata kama ni mbovu ya kuona ukungu anicheki, bando la kunitumia nalipa mimi.

kijana_wa_kwamrombo (Arusha)

Ingia Telegram andika jina zipo zote hizo

mwana_majengo

Mkuu umeusoma uzi lakini?

dada_wa_sakina (Arusha)

Mleta mada hakuna aliyeikalia. Imepotea. Hakuna maktaba wala mtu binafsi anayejulikana kuwa na nakala yake kamili, na sio yenyewe tu. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti 2013 wakahesabu sinema ndefu zisizo na sauti zilizotengenezwa Marekani kuanzia 1912 mpaka 1929, zikafika karibu elfu kumi na moja. Zilizobaki kamili kama zilivyotoka ni asilimia 14. Kuna nyingine zipo kwa nakala za nje ya nchi au za kiwango cha chini, nyingine vipande, lakini asilimia 70 hakuna kitu kabisa. Yaani ukichukua muvi kumi za enzi hizo saba zimekwenda na hakuna atakayeziona tena labda Mungu apende.

Unauliza inawezekanaje. Ni kwa sababu muvi wakati ule haikuwa kitu cha kuweka. TV hakuna, deki hakuna, flashi ndo usiseme. Muvi inatoka, inazunguka mjini, mji unaofuata, kijiji, mpaka mkanda umechanikachanika, hela imeshaingia, imekwisha. Kuuweka storo ni gharama na ni hatari, fundi akipita humu atueleze hiyo hatari. Halafu kwenye ule mkanda kuna madini ya fedha, fedha yenyewe ya kutengenezea pete, kwahiyo kampuni nyingi ziliona bora wauyeyushe watoe fedha. Sinema za sauti zilivyoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 zile za kimya ikawa hakuna anayezitaka hata bure. Kampuni ya Universal mwaka 1948 waliteketeza wenyewe zile za kimya walizokuwa wamebaki nazo. Wenyewe, kwa mikono yao, hakuna aliyewaibia.

Sasa hiyo yako ina bahati mbaya zaidi. Norman unayemuona kwenye tisheti ni Richard Norman, mzungu wa Jacksonville kule Florida, alikuwa anatengeneza sinema za watu weusi kwa ajili ya watu weusi. Enzi hizo kusini mwa Marekani mweusi haingii sinema ya wazungu, au anaingizwa kwa mlango wa nyuma akae kule juu, kwahiyo kulikuwa na majumba yao wenyewe na kampuni ndogo ndogo za kuyalisha. Kampuni kama hiyo haina nakala mia za kusambaza, ina chache, zinazunguka hizohizo mpaka zife. Studio kubwa ikipoteza nakala moja Chicago inayo nyingine New York. Norman akipoteza amepoteza.

Na walienda kuigizia Boley, Oklahoma. Huu mji uanzilishi wake ni 1903, mji wa weusi watupu, meya mweusi, benki yao, kila kitu chao. Walikuwa pale 1921, mwaka uleule ambao Tulsa, Oklahoma hiyohiyo, mtaa mzima wa weusi ulichomwa moto na watu wakauawa. Mimi ndo kitu kinachoniuma kuhusu huu mkanda kuliko hata hadithi yenyewe, kwamba kulikuwa na kamera pale Boley mwaka ule, inapiga mji wa watu weusi wamepanda farasi wao wako vizuri tu, na hatuwezi kuona.

Hadithi kwa kifupi ili ukamsimulie mzee: kuna genge la majambazi linautesa mji, kiongozi wao anavaa hiyo nguo ya mifupa anaitwa The Skull. Kauboi mmoja anaitwa Bob anajipenyeza ndani ya genge. Wakikushuku wanakupeleka mbele ya lile fuvu, tone la damu ndo linaamua uishi au ufe. Anita Bush ndo binti wa mwenye ranchi, na huyu dada msimchukulie poa, ndiye aliyeanzisha kundi la maigizo Harlem mwaka 1915 ambalo baadaye likawa Lafayette Players.

mangi_haambiliki (Moshi)

Kwahiyo hawahawa waliopeleka mtu mwezini ndo walishindwa kutunza mkanda mmoja wa farasi? Sio kweli hiyo. Kuna kitu wanaficha, watu weusi wanaonekana wana mji wao na benki yao, unadhani watakubali uione?

dada_wa_sakina

Mangi umetaja mwezi vizuri sana. NASA wenyewe walitangaza 2009 kwamba mikanda ya asili iliyorekodi picha za Apollo 11 ilifutwa ikarekodiwa mambo mengine, maana walikuwa na uhaba wa mikanda. Mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, wakafuta. Kinachobaki ni kopi za televisheni. Watu hawaharibu vitu kwa njama tu mangi, mara nyingi wanaharibu kwa sababu wanataka nafasi kwenye shelfu.

Ila upande wa pili sikukatalii. Mkanda wa Tom Mix, yule nyota wa kauboi wa kizungu, ukiharibika mzungu alilia, wa Boley ukiharibika hakuna gazeti kubwa lililojua kama ulikuwepo.

fundi_wa_ungaltd (Arusha)

Nimeitwa nimekuja. Mimi ni fundi wa deki na TV toka zamani, sasa hivi deki zimeisha nahamishia watu kanda zao za harusi na kipaimara kwenda kwenye flashi, na nawaambia ukweli nusu ya kanda watu wanazoniletea zina ukungu mweupe ndani, wameziweka juu ya kabati la jikoni kwenye joto na mvuke halafu wanataka nirudishe sura ya bibi harusi. Kwahiyo hii mada naielewa vizuri.

Ile mikanda ya zamani ya sinema ilitengenezwa kwa kitu kinaitwa nitreti ya selulosi. Hiyo ndugu zangu ni ndugu wa baruti. Inawaka kwa kasi na ikishawaka huizimi kwa kuinyima hewa maana oksijeni inayo yenyewe ndani, hata ukiitumbukiza kwenye maji inaendelea kuwaka humohumo. Ndo maana chumba cha projekta enzi hizo kilikuwa kinajengwa kama cha benki, mlango wa chuma na vidirisha vinavyojifunga. Na hata isipowaka inaoza. Kwanza picha inafifia, halafu inatoa harufu mbaya, halafu mkanda unaanza kunata kama ubuyu uliolowa, tabaka la juu limegandana na la chini, ukivuta picha inabanduka. Mwisho unafungua kopo unakuta unga wa kahawia. Unga tu. Na ikioza inatoa joto na gesi, kwahiyo kopo moja bovu linaharibu majirani zake.

Hapo ndo ilipoumia kampuni ya sinema ya Fox. Julai 1937 huko Little Ferry, New Jersey, kuna storo ya matofali walihifadhi negativu na nakala za sinema zao za zamani, kulikuwa na joto kali siku kadhaa, ndani hakuna mfumo wa kupitisha hewa vizuri, mikanda ikaanza kuwaka yenyewe usiku. Zaidi ya rili elfu arobaini. Na kijana wa miaka 13 wa jirani alifariki kwenye ule moto, huyo watu huwa wanamsahau wanahesabu mikanda tu. Kwa watu wa kauboi huo usiku ndo msiba mkuu maana Tom Mix alikuwa wa Fox, huyu ndo alikuwa stelingi namba moja wa kauboi miaka ya 20, yeye na farasi wake Tony, na sehemu kubwa ya kazi zake za pale imeenda na moto ule.

Baadaye wakahamia mkanda usiowaka, nitreti ikaachwa kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lakini kuhamisha sinema ya zamani kwenda mkanda mpya ni hela, na nani atoe hela kwa muvi isiyo na sauti. Hata mimi huwa nawaambia wateja hamisha kanda zote ulizonazo wanasema ngoja kwanza hii moja.

mzee_wa_plaza (Moshi)

Vijana nimesoma yote haya nimefurahi. Sisi tulikuwa tunaenda Plaza hapa Moshi, na ukienda Arusha unaingia Metropole, picha ya kauboi ikija mnapanga foleni mapema, na ukikosa tiketi unanunua kwa walanguzi nje kwa bei ya kuumiza. Picha yenyewe ikifika huku imeshachoka. Unaona mvua inanyesha kwenye skrini, mistari mistari, mara stelingi anachomoa bastola halafu ghafla adui yuko chini amekufa, katikati pamekatika, watu mnapiga miluzi na kumtukana mtu wa projekta kana kwamba yeye ndo kakata. Kwahiyo hayo ya mkanda kuzunguka mpaka ufe tuliyaona kwa macho yetu, tofauti ni kwamba ile yetu ilikuwa na wenzake kwingine.

Na huyu mzee wako mwana_majengo namuelewa. Huku kwetu kauboi sio mgeni, John Wayne mwenyewe alikuja Momella pale chini ya Meru wakapiga Hatari!, ikatoka 1962, ila mle anakamata vifaru badala ya kufukuza majambazi.

Swali langu ni hili. Huko nje nasikia mikanda ya zamani inapatikanaga kwenye nchi ambazo hukutegemea. Haiwezekani kopo likawa limelala huku kwetu, kwenye storo ya jumba fulani la sinema, Mombasa au Zanzibar au hapahapa?

dada_wa_sakina

Shikamoo mzee. Swali zuri sana na jibu lake lina pande mbili.

Kupatikana sehemu usizotegemea ni kweli kabisa. Nchi za mbali zilikuwa mwisho wa safari ya mkanda, ukifika huko umeshazeeka na kuurudisha Marekani nauli yake ni kubwa kuliko thamani yake, kwahiyo mwenye mkanda anasema huko huko utupeni. Dawson City, Yukon, kaskazini kabisa ya Canada kwenye mji wa wachimba dhahabu, makopo yalijaa hawajui wayapeleke wapi, 1929 wakayatumia kufukia bwawa la kuogelea na juu yake pakawa uwanja wa kuchezea hoki ya barafu. Mwaka 1978 mashine inachimba kwa ajili ya jengo jipya ikaibua rili 533. Udongo wa kule umeganda mwaka mzima, ule ubaridi ndo uliwatunzia. Baadhi zilikuwa zimelowa zikaharibika kingo lakini nyingi zinaangalika.

John Ford, huyu aliyekuja kumfanya John Wayne kuwa John Wayne, alianza kuongoza sinema Universal 1917, akatengeneza kauboi za kimya zaidi ya ishirini na stelingi anaitwa Harry Carey. Hao ndo Universal walewale wa 1948, kwahiyo nyingi zimepotea, hata ile ya kwanza kabisa aliyoongoza, The Tornado, haipo. Lakini Straight Shooting ya 1917 ilipatikana Czechoslovakia, na The Scarlet Drop ya 1918 imepatikana juzi tu, Santiago kule Chile, ikaonyeshwa 2024. Miaka mia na ushee watu wanajua imekwenda, kumbe iko storo.

Upande wa pili mzee wangu ni joto. Fundi ameshaeleza nitreti inavyopenda baridi. Storo ya bati Moshi mwezi wa pili, au Mombasa na ule unyevu wa bahari, kwa miaka mia? Na muvi za Norman zilizunguka kwenye majumba ya weusi hukohuko Marekani, njia iliyoleta picha Afrika Mashariki ilikuwa nyingine. Kwa hiyo The Crimson Skull yenyewe sina tumaini nayo huku. Lakini mtu akikuta makopo ya bati ya duara kwenye jumba lolote la zamani asifungue kwa kiberiti wala asitupe. Aite mtu.

mangi_haambiliki

Huyo Bill Pickett wa kwenye tisheti ni nani hasa

ostadhi_wa_farasi (Arusha)

Hapo umenigusa, mimi nafanya kazi kwenye shamba la farasi la watalii huku Usa River na huyu jamaa tunamheshimu. Bill Pickett kazaliwa Texas 1870, mweusi, kauboi wa kweli wa ng'ombe sio wa kuigiza. Yeye ndo alianzisha mchezo wa kumwangusha ndume kwa mikono: unakimbiza farasi sambamba na ng'ombe, unaruka kutoka kwenye tandiko ukiwa kwenye mwendo, unamdaka pembe unamkunja shingo. Sasa yeye alikuwa anaongeza kitu ambacho mtu mwenye akili zake hafanyi. Akishamkunja anamng'ata mdomo wa juu kwa meno, halafu anaachia mikono, ng'ombe anaanguka. Aliiga mbwa wa kuchungia, aliwaona wanamshika ng'ombe mkaidi hivyohivyo. Mimi nimeshika pembe za ng'ombe wa Kimasai josho, ndama tu tena, na sijawahi kufikiria kupeleka meno pale.

Alizunguka na maonyesho ya 101 Ranch ya Oklahoma, akafariki 1932 baada ya kupigwa teke na farasi kichwani. Kwenye ukumbi wa heshima wa wana rodeo, yale mashindano ya makauboi, wa Marekani alikuja kuingizwa 1971, mweusi wa kwanza. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 90 posta ya Marekani ikasema imtolee stempu. Wakachapa. Kumbe picha waliyotumia sio yake, ni ya mdogo wake Ben! Wakazirudisha wakachapa upya. Fikiria mtu maarufu hivyo na serikali haijui sura yake, sasa ndo uone kwanini ule mkanda una umuhimu, maana mle ndimo alimokuwa anatembea mwenyewe.

fundi_wa_ungaltd

Hahaha stempu ya mdogo wake. Hiyo sikuijua

dada_wa_sakina

Ostadhi ahsante, na nina nyongeza inayohusu swali la mleta mada. Wakati ule kule Boley, Norman alipiga muvi mbili kwa pamoja na Pickett, nyingine inaitwa The Bull-Dogger. Hiyo nayo kamili haipo lakini vipande vyake vimebaki, na Pickett yumo.

mwana_majengo

Dah nimewasoma nyote. Sasa niambieni mimi namjibu nini mzee, maana anakuja Jumamosi na nilishachukua hela yake nusu.

dada_wa_sakina

Mwambie ukweli kwamba ile ya kwenye tisheti imekwenda, halafu mpe hawa walewale watu kwenye mikanda mingine. Fanya hivi.

Hivyo vipande vya The Bull-Dogger anza navyo, vifupi, vya kumuonjesha. Halafu tafuta The Symbol of the Unconquered ya 1920, ya Oscar Micheaux. Huyu ni mweusi mwenyewe, alikuwa mkulima amejichukulia shamba South Dakota kabla hajaingia kwenye sinema, kwahiyo akisema habari za mtu na ardhi yake anajua anachosema. Muvi yake ya kwanza ya 1919, The Homesteader, imepotea, lakini hii ilipatikana Ubelgiji, maandishi yake yakiwa ya Kifaransa na Kiflemi ikabidi wayarudishe Kiingereza. Dada karithi ardhi ya babu yake mbali huko magharibi, jirani yake ni mweusi mwenye kiwanja ambacho chini kina mafuta na yeye hajui, genge la wavaa vitambaa usoni wanataka kumtoa kwa moto na farasi usiku. Adui mkuu mle anaitwa Driscoll na anayemuigiza ni Lawrence Chenault, huyohuyo wa kwenye tisheti. Kwahiyo mzee atamuona anaigiza, sio jina tu. Tatizo moja, kile kipande cha mwisho ambapo wale wavaa vitambaa wanachapwa ndicho kilichokosekana kwenye nakala ya Ubelgiji. Yaani kizuri kuliko vyote.

Ya tatu The Flying Ace ya 1926, hii ni ya Norman na ndo muvi yake ndefu pekee iliyobaki kamili. Sio kauboi, ni rubani anarudi kutoka vitani anakuwa mpelelezi wa reli, hela za mishahara zimeibwa. Ndege zenyewe hazikuruka, walizipiga picha zikiwa chini na ukiangalia vizuri unagundua. Lakini mle yupo Steve Reynolds wa mguu mmoja, naye alikuwemo The Crimson Skull, na ana gongo lake la kutembelea ambalo ni bunduki. Gongo linafyatua! Mzee akiliona hilo nusu ya hela aliyobakiza atakupa bila kinyongo.

Na zote hakimiliki yake Marekani imeshaisha kwahiyo unajaza flashi kwa amani.

mzee_wa_plaza

Mwana_majengo hizo zote nami naomba unijazie, niko hapa hapa mjini nitapita. Ila hesabu ya pili, hizo picha hazina sauti, mazungumzo yanaandikwa kwenye skrini kwa Kiingereza. Mzee mwenzangu huyo anasoma haraka hivyo? Sisi wengine miwani yenyewe ya kuazima.

mwana_majengo

Hapo umenikamata mzee wangu. Hasomi. Yeye amezoea za kutafsiriwa, mtu anaongea juu yake mwanzo mwisho.

fundi_wa_ungaltd

Sasa si ndo rahisi kuliko zote? Muvi ya kutafsiriwa huwa mtafsiri anagombana na sauti ya stelingi, hapa hakuna sauti ya kugombana nayo. Tafuta mtafsiri mmoja mwenye mdomo, mpe maikrofoni, arekodi, mimi nakuunganishia sauti kwenye video bure. Na hata huko kwao enzi za kimya kulikuwa na mtu wa kinanda pembeni, na Japani walikuwa na watu maalumu wanasimama kando ya skrini wanasimulia, tena mashabiki walikuwa wanawafuata wao kuliko waigizaji.

kijana_wa_kwamrombo

Mimi natafsiri. Nilishafanya sana kibanda umiza cha braza wangu, sauti zote natoa, ya mzee, ya demu, ya farasi

dada_wa_sakina

Wewe uliyesema zipo Telegram?

kijana_wa_kwamrombo

Dada tusirudi nyuma. Nitumieni nisome hayo maandishi kwanza. Na kile kipande cha wale jamaa kuchapwa kama hakipo mimi nakisimulia, weka skrini nyeusi tu mtanisikia

mzee_wa_plaza

Hapo ndo mnipe mimi kiti cha mbele.

mwana_majengo

Bei yako kijana?

kijana_wa_kwamrombo

Elfu kumi kwa muvi, na nauli ya Arusha Moshi

mwana_majengo

Elfu tano. Rekodia hukohuko kwa simu utume.